Klachi ya Tatu

Klachi ya tatu ndani ya mwaka mmoja ilikufa kwenye mzunguko wa barabara mbele ya hospitali, saa nne asubuhi, kweupe. Injini ilinguruma kama inataka kupaa, gari lenyewe halikusogea hata shubiri, na harufu ya kuungua ikawafikia mpaka wagonjwa waliokuwa wakiota jua kwenye benchi. Wengine walisahau maradhi yao wakasimama watazame. Gari hilo walilijua. Lilikuwa dogo, jeupe, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, na mtaa mzima ulilibatiza Kidonge kwa sababu halikuwa rahisi kumeza: leo rejeta inavuja, kesho stata haishiki, na mlango wa dereva ulikubali kufunguliwa kwa nje tu.

Kwenye usukani alikuwa Mama Mikate, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga mikate kwenye kiwanda kidogo cha kuoka. Kando yake, kwenye kiti cha abiria kilichotegeshewa pedali za pili, alikuwa Mwalimu, mwenye shule ya udereva ya gari moja na mwalimu mmoja.

“Mguu!” Mwalimu alifoka. “Miezi miwili naimba mguu, mguu, mguu! Haya, umeichoma!”

“Mwalimu, mimi mguu niliutoa. Haki ya Mungu niliutoa.”

“Uliutoa ukaupeleka wapi?”

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomponza Mwalimu, maana mtu akishachekewa ulimi unamponyoka. Alimwambia Mama Mikate, mbele ya wapagazi na wauza maji, kwamba mguu wake ni mzito kama gunia, kwamba nusu ya klachi atailipa, na kwamba atafute mwalimu mwingine mwenye gari la chuma. Mama Mikate alisubiri afunguliwe mlango kwa nje, akashuka, akaungana na waliokuwa wakisukuma, huku machozi yanamtoka. Tusidanganyane, Mwalimu hapo hakufanya uungwana.

Mama Pacha, mke wa Mwalimu, alizipata habari kabla Kidonge hakijafika kwa fundi. Alikuwa barazani kwake, mdomo umejaa pini, akimpima sketi mteja aliyetoka hospitali, na mteja yule alisimulia kila kitu mpaka neno la gunia. Mama Pacha alizitoa pini mdomoni moja moja.

“Kasema gunia?”

“Kama ninavyokwambia.”

“Mbele za watu?”

“Mama, hata waliolazwa walisikia.”

Mama Pacha alifunika cherehani yake, akavaa viatu, akaelekea gereji.

Gereji ilikuwa uwanja wa mchanga mweusi nyuma ya duka la mbao, na fundi wake aliitwa Nati, mtu mfupi ambaye hajawahi kuonekana na mikono misafi. Alipomwona Mama Pacha anakuja alicheka kwa furaha, kwa sababu Mwalimu alijua kufundisha gari lakini kununua vipuri alikuwa hajui, na mara zote mazungumzo ya bei yalikuwa hayana raha bila mkewe.

“Shemeji! Afadhali umekuja. Njoo uone mgonjwa wetu.”

Jioni ya siku hiyo Kidonge kilikuwa kimefunguliwa tumbo. Nati aliweka pleti ya klachi juu ya gazeti. Ilikuwa imelambwa mpaka kwenye misumari. Kisha akachukua beringi ya klachi, akaizungusha kwa kidole, nayo ikatoa kilio chembamba kilichomfanya Mama Pacha akunje uso.

“Sasa sikilizeni,” Nati alisema. “Mtu asiyejua kukanyaga anachoma klachi kwa fujo, kwa siku moja. Hii haikuchomwa hivyo. Hii imeliwa taratibu. Kuna mtu anaegemeza mguu juu ya pedali. Hakanyagi yote, haachii yote. Kaupumzisha tu, kama mtu aliyeweka mguu kwenye stuli.”

“Wanafunzi,” alisema Mwalimu. “Ndiyo kazi yao.”

“Wote?”

“Nati, wewe fungua nati. Wanafunzi niachie mimi.”

Bei ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na hapo Mama Pacha alikuwa ameshaikata mara mbili. Rejeta walikubaliana iendelee kutoa jasho mpaka Mungu apende. Mwalimu alikaa juu ya tairi kuukuu, mikono katikati ya magoti. Tangu mwaka uanze wanafunzi wake sita walikuwa wamefeli mtihani wa barabarani, na kila aliyefeli alitangaza. Kaka yake Mama Pacha alikuwa ameshasema mara mbili kwamba kwenye ghala lake anahitaji mlinzi wa getini, na kofia ipo. Kwa mtu anayeitwa Mwalimu na kila konda na kila dereva wa lori, kofia ile ilikuwa inamwasha kichwani kabla hajaivaa.

“Hela ipo,” Mama Pacha alisema polepole. Ilikuwa zamu yake kupokea mchezo wa akina mama, na fedha ile alikuwa ameipangia mashine ya kudarizi. Mwalimu alijua, na alitazama chini. “Natoa mara hii, Baba Pacha, na baada ya hii hakuna nyingine. Klachi ikifa tena, tunauza Kidonge kwa kilo, na wewe unakwenda kwa shemeji yako. Lakini nina sharti.”

“Sema.”

“Nakaa kiti cha nyuma wiki nzima. Nataka nimwone anayekula hela yangu.”

“Wewe unajua nini kuhusu klachi?”

“Sijui kitu. Macho ninayo.”

Nati aligeuka akajifanya anatafuta spana, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Kesho yake, kabla gari halijatoka gereji, Mama Mikate alifika barazani na bahasha. Alikataa kiti. Alisimama na koti lake la kazini lenye unga, akiongea na miguu yake mwenyewe.

“Mama Pacha, mpe Mwalimu. Ni robo. Iliyobaki nitaleta nikipata mshahara.”

“Kaa kwanza, dada yangu.”

“Hapana, nimeiba mapumziko. Kule kazini kuna gari la kusambaza mikate linatafuta dereva. Bosi alisema nikileta leseni kabla ya mwezi kwisha, kiti ni changu. Nimeshafeli mara moja kule kwenye mwinuko wa tangi la maji. Pembeni ya Mwalimu naupanda vizuri tu, nikikaa na mkaguzi gari linazima. Mtihani mwingine ni Ijumaa ya wiki ijayo.” Alifuta pua kwa kiganja. “Labda kweli mguu wangu ni gunia.”

Mama Pacha aliipokea bahasha kwa sababu mwenzake alikuwa anataka ipokewe, lakini hakuitoa mbele ya mumewe. Aliisukuma chini kabisa ya kikapu cha vitambaa, na kila aliposhona siku ile alihisi ipo pale inamtazama.

Jumatatu Kidonge kilitoka na klachi mpya, na Mama Pacha akapanda nyuma, katikati, mkoba mapajani, kama bibi anayepelekwa harusini. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa karani mstaafu, mzee mwenye miwani minene aliyeendesha kana kwamba kila kona inahitaji sahihi yake. Wa pili alikuwa kinyozi, kijana mwenye maneno mengi. Siku ya kwanza Mama Pacha hakuona kitu zaidi ya visogo. Siku ya pili alipata kizunguzungu. Siku ya tatu aligundua kwamba akiinamia mbele kati ya viti viwili, akajifanya anasikiliza maongezi, anaona miguu yote minne.

Walikuwa kwenye barabara ndefu iliyonyooka inayokwenda sokoni. Kinyozi alikuwa ameshaingiza gia ya tatu na alikuwa akisimulia habari za mteja aliyesinzia akanyolewa nyusi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa chini, umetulia juu ya zulia, mbali kabisa na pedali. Mama Pacha aliutazama, akaridhika, akataka kurudi nyuma. Kisha akatazama tena.

Pedali ya klachi ya kinyozi ilikuwa imezama. Si sana, kina cha vidole viwili. Ilikuwa imezama yenyewe, haina mguu juu yake.

Kwa sekunde moja alifikiria mashetani, na wala hakuona aibu kufikiria hivyo. Halafu akageuza macho upande wa pili. Pedali za Kidonge zilikuwa zimeunganishwa kwa fito chini ya dashibodi, ya mwanafunzi na ya mwalimu, ukigusa hii na ile inashuka. Na juu ya pedali ya pili kilikuwa kimetulia kiatu cheusi ambacho yeye mwenyewe alikipeleka kushonwa soli mwezi uliopita. Mwenye kiatu alikuwa akivunjika mbavu kwa kisa cha nyusi. Mguu ulikuwa umelala pale, na yeye hana habari.

Mama Pacha alirudi nyuma taratibu. Hasira ilimpanda, ya klachi tatu na mashine ya kudarizi. Lakini nyuma ya hasira likaja jambo jingine, likamkata maini. Siku ya mtihani anayekaa kwenye kiti kile ni mkaguzi, na mkaguzi miguu yake huiweka mbali na pedali. Wanafunzi sita. Mama Mikate na mwinuko wake. Watu hawa walikuwa wamejifunza klachi iliyokwisha kushushwa nusu na mtu mwingine, halafu wanapelekwa mtihanini kupewa klachi nzima. Ilikuwa lazima gari lizime.

Mume haanikwi mbele ya kinyozi, maana kesho yake habari ingekuwa kwenye kila kichwa cha mtaa.

Alimwambia nyumbani, baada ya chakula cha mchana. Mabinti zao pacha walikuwa mezani wakiandika kazi za shule, na Mama Pacha aliwatuma dukani kununua uzi asiouhitaji.

“Baba Pacha, nimemwona.”

“Kinyozi, sivyo? Nilijua. Maneno mengi yale.”

“Ni wewe.”

Alidhani atacheka. Hakucheka. Uso ulimshuka, kisha ukapanda moto. “Miaka ishirini na mbili nafundisha gari! Leo mtu ambaye hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli ananifundisha pa kuweka mguu?”

“Sikufundishi. Nimeona pedali imezama haina mtu.”

“Umeona kizunguzungu chako. Mguu wangu unakaa tayari, pembeni. Tayari si juu. Niliapa siku ya kwanza ya kazi kwamba pedali naigusa kwenye hatari tu!”

“Sawa.”

“Usiniambie sawa kwa sauti hiyo.”

“Ninayo hii tu,” alisema Mama Pacha, akaenda kuosha vyombo. Aliviosha kwa kelele.

Asubuhi, Mwalimu alipokuwa akinyoa ndevu, Mama Pacha alitoka uani na chaki yake ya kupimia nguo, ile ya buluu. Aliinama ndani ya Kidonge, akaipaka mpira wa pedali ya klachi upande wa mwalimu, akarudia mara tatu mpaka chaki ikabaki kipande. Halafu akapanda kiti chake cha nyuma, akakunja mikono.

Somo lilikuwa la karani mstaafu. Lile somo lilikuwa la kipekee, maana Mwalimu, kwa kumkomoa mkewe, alikaa wima saa nzima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kila walipopita kona aliuliza kwa sauti, “Abiria wa nyuma, unaona mguu wangu?” Na Mama Pacha alijibu, “Leo sitazami.” Karani aliona hapa kuna jambo la watu na ndoa yao, akaendelea kutia sahihi zake kwenye kona.

Waliposhuka mbele ya nyumba Mwalimu alikuwa anang'aa. “Haya. Sikugusa hata mara moja. Naapa mbele ya mzee huyu.”

“Mimi nilikuwa natazama mbele,” alisema karani haraka, akaaga.

“Nipe kiatu chako cha kushoto,” alisema Mama Pacha.

“Cha nini?”

“Nipe tu.”

Alikivua akimcheka. Mama Pacha alikipindua, akampa akitazame. Soli ilikuwa ya buluu kutoka kwenye vidole mpaka katikati, buluu iliyokolea, iliyosuguliwa mara nyingi mpaka ikaingia kwenye mishono.

Mwalimu alikitazama kiatu. Akatazama ndani ya gari. Akaingiza kidole kwenye mpira wa pedali, kikatoka cha buluu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya baraza, soksi moja imetoboka, kiatu mkononi. Mama Pacha alikuwa amejiandaa kumpa vidonge vyake siku nzima, lakini alipomwona vile aliviacha.

“Nimeapa,” Mwalimu alisema hatimaye. “Nimeapa, na wakati naapa nilikuwa nimekanyaga.”

“Hukujua.”

“Ndiyo ubaya wenyewe, sikujua!” Alikiweka kiatu chini. “Naogopa, Mama Pacha. Kila siku nakaa kwenye kiti kile na mtu asiyejua gari, malori yanapita hapa na pale, na mimi roho mkononi. Nikifika nyumbani nasema nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa naogopa.” Aliusugua uso kwa kiganja, akauacha na doa la buluu kwenye shavu. “Wote wale niliwatukana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha lile gari peke yake.”

Mama Pacha alikaa kando yake. Alitaka kumwambia si neno, lakini lilikuwa neno, na kubwa. Akaingia ndani, akaitoa bahasha chini ya kikapu, akamwekea mapajani.

“Hii ni ya nani?”

“Ya gunia,” alisema.

Kiwanda cha mikate kiliwatoa wafanyakazi wake mapumziko saa sita. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta, wanawake kumi na wawili wenye nyusi nyeupe kwa unga, wakinywa chai. Mwalimu alisimama getini muda mrefu akihesabu matofali. Mama Pacha alimsubiri ng'ambo ya barabara. Alikuwa amemwambia anaweza kumwita Mama Mikate pembeni, na Mwalimu akakataa.

Alivuka. Alisimama mbele yao, kofia mkononi.

“Mama Mikate, nilikutukana mbele za watu, kwa hiyo naomba radhi mbele za watu. Hela yako hii hapa. Klachi niliichoma mimi. Mguu wako hauna kosa.”

Halafu mmoja akaguna, mwingine akapiga kofi paja, na ukuta mzima ukaangua kicheko mpaka unga ukawapukutika. “Mwalimu kajifelisha mwenyewe!” “Naye alipe faini!” Mwalimu alisimama palepale, masikio yamemwiva, akakipokea kicheko chote mpaka kikaisha. Kutoka ng'ambo Mama Pacha alimwona, na machozi yakamlenga. Alijivunia mume wake kuliko siku ya ndoa yao.

Mama Mikate peke yake hakucheka.

“Klachi zote tatu?”

“Zote tatu.”

“Na mtihani niliozimisha gari?”

“Na huo. Nilikufundisha na mguu wangu, halafu nikakupeleka bila mguu wangu.”

Mama Mikate aliipokea bahasha, akaitia ndani ya koti. “Mimi nimelia wiki nzima, Mwalimu. Nimejiona mjinga. Mpaka ngazi za nyumbani nilianza kuziogopa.”

“Najua.”

“Hujui.” Akamwaga mabaki ya chai. “Leo natoka saa tisa. Nipeleke kwenye mwinuko. Na miguu yako niwe naiona.”

Mwinuko wa tangi la maji ni mfupi lakini umesimama, na pale juu kuna njia panda inayoyalazimisha magari kusubiri katikati ya mlima. Ndipo mkaguzi alipopenda kuwaulia watu matumaini. Saa tisa na nusu Kidonge kilisimama pale, lori moja mbele, pikipiki na kigari cha mbuzi nyuma. Mama Mikate alikuwa kwenye usukani, Mama Pacha nyuma. Mwalimu alikuwa amevua viatu, amekunja miguu yote miwili juu ya kiti kama mtu aliyeketi mkekani, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Lori likaondoka. Mama Mikate akaachia klachi. Kidonge kikaruka kama kilichochomwa sindano, kikazima.

Nyuma wakapiga honi.

“Washa tena,” alisema Mwalimu.

Akawasha. Akaachia. Kikazima tena, na safari hii breki ya mkono ikachelewa, gari likarudi nyuma nusu mita, mbuzi wakalia. Mama Pacha aliuona mguu wa kushoto wa mumewe ukifunguka wenyewe, ukishuka kuelekea chini, na kabla hajapiga kelele Mwalimu aliudaka kwa mikono miwili, akaurudisha juu ya kiti, akaukalia.

“Sikugusa,” alisema, akihema. “Sasa nisikilize. Usiwahi. Achia polepole mpaka injini ibadili sauti. Mimi siwezi kukuambia ni wapi, sijawahi kukuachia upaone. Patafute mwenyewe. Ukipapata, tulia hapohapo.”

Mama Mikate alifumba macho kidogo, akayafumbua. Aliinua mguu kidogo kidogo. Injini ikanguruma, kisha sauti ikashuka, ikawa nzito, na Kidonge kizima kikatetemeka kuanzia kibao cha paa mpaka kwenye viti.

“Ni hapa?” alinong'ona.

Mwalimu aliuma midomo asijibu.

“Ni hapa,” Mama Mikate alijijibu, akashusha breki ya mkono, na gari halikurudi nyuma. Lilisimama juu ya mlima likishikiliwa na mguu mmoja tu, kisha likaanza kupanda, polepole, bila kuruka, likapita alama, likapita tangi, likafika juu. Alilisogeza pembeni, akazima mwenyewe, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Mama Pacha alikuwa ameshika mkoba wake kwa nguvu mpaka mpini ukang'oka.

“Mwalimu,” Mama Mikate alisema bila kugeuka, “yule alikuwa mimi au wewe?”

Mwalimu alifungua miguu yake kwa shida, ilikuwa imekufa ganzi. “Ni wewe. Peke yako.”

Mama Mikate akacheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa mkono wa koti, akauacha uso mzima na unga. Kisha akawasha gari.

“Tunakwenda wapi?” Mwalimu aliuliza.

“Chini. Nataka nipande tena.”

Mwalimu alitazama kule chini, kwenye malori na pikipiki na mbuzi. Akakunja tena miguu juu ya kiti, akaikalia vizuri.

“Geuza,” alisema.